Migomba Niliyoifunga Kamba

Baba alikuwa na neno moja ambalo sijalisikia kwa mwalimu yeyote: "Sema kabla sijafunua."

Alilisema kwenye shimo la kuvundikia ndizi, nyuma ya jiko, kwetu Nyabiyonza. Ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, zilipangwa shimoni juu ya majani ya mgomba, zikapashwa kwa moshi, zikafunikwa kwa majani mengine na udongo, kisha zikaachwa zilale. Siku ya kufunua, baba alituita wote. Alichutama, akashika ncha ya jani la juu, akasubiri. Kila mtu alitakiwa aseme anachofikiri: zimeiva zote, zimeiva za juu tu, bado ngumu, zimeoza upande ulioingia mvua. Mama alisema. Dada zangu walisema. Hata mgeni aliyepita kuomba maji ya kunywa alisema, akicheka kwa aibu kwa sababu hakujua ameingia kwenye mtihani gani.

Baba hakumcheka aliyekosa. Alimwuliza, "Uliona nini?" Na aliyepatia naye aliulizwa hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Ukijibu kwamba ulibahatisha tu, alikuambia safari ijayo unuse kwanza, upapase udongo kama una joto, uangalie kama nzi wamefika. Ukisubiri afunue halafu ndipo useme "nilijua", alikutazama kama mtu aliyejamba kanisani.

Nilikua nikidhani watu wote wanaishi hivyo. Shule ndiyo iliyonionyesha kwamba hawaishi hivyo.

Mwalimu wetu wa sayansi alipanda maharage kwenye kopo akaliweka dirishani. Nikanyoosha mkono nikasema yatapinda kuelekea nje, kwa sababu nilikuwa nimeona magugu chini ya uchanja wa kukaushia kahawa yakitafuta mwanga. Akaniuliza, "Hilo nimeshalifundisha?" Nikasema hapana. "Basi umelitoa wapi?" Nikasema ninafikiri tu. Nikachapwa kwa kufikiri kabla ya somo. Maharage yalipinda. Wiki iliyofuata alituandikia ubaoni kwamba mmea hufuata mwanga, tukanakili, na mimi nikanakili pamoja na wenzangu, mkono ukiwa bado unauma. Hakuna aliyeulizwa alifikiri nini. Wote tulionekana tumejua.

Mwalimu huyo huyo aliruhusiwa kubashiri kadiri alivyopenda. Alisema mbele ya darasa, "Huyu atakuwa mzururaji." Nilitoka shule kabla ya kumaliza darasa la saba na nimezurura mpaka leo. Mpaka leo sijui kama aliona mbele au alinisukuma. Ukisema mvua itanyesha, mvua haikusikii, itafanya yake na wewe utaonekana mjinga au mwerevu. Ukisema mtoto ataharibika, mtoto anakusikia. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sijawahi kuimaliza.

Nimebeba magunia ya kahawa Omurushaka, nikiuma punje moja kutoka kila gunia na kusema moyoni kama litakataliwa kwa unyevu kabla mnunuzi hajalipima. Nimechoma matofali Kiruruma, nikichagua kwa macho yale yatakayopasuka kabla tanuri halijapoa. Nimevuka Kyerwa yote mpaka Murongo, nikalima, nikachunga, nikauza viatu vya mtumba. Kila nilipofika nilifanya mchezo wa baba: kwanza sema, halafu tazama. Nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia. Lakini nimegundua kwamba kitu nilichokikosea sikisahau tena, wakati kitu nilichoambiwa hupita kama basi lisilosimama kituoni kwako.

Nilikuwa Murongo mama aliponipigia simu. Aliniambia, "Rudi nyumbani, mwanangu. Baba yako ametutoka." Hakulia kwenye simu. Alisema tu nipite Omurushaka, ninunue kitenge cheusi, kwa sababu alichonacho kimepauka.

*

Lazima nieleze kibanja chetu, kwa sababu ndicho kilichokuwa hatarini, na ndicho alichokuwa amebaki nacho mama.

Kwetu nyumba inakaa katikati ya migomba. Kibanja ndicho chakula na kivuli, ndiyo zawadi ya mkwe, ndiyo makaburi. Mwanamke wa umri wa mama anayeenda gulioni kununua ndizi za kupika, watu humwonea huruma kwa namna ambayo ni afadhali watukane. Kibanja kikifa, mama angepelekwa mjini kwa dada yangu, kukaa kwenye chumba cha saruji na kutazama televisheni ya watu wengine, akimwacha mume wake peke yake chini ya magugu. Alikuwa ameniambia zamani kwamba hilo hataliweza.

Na vibanja vinakufa. Ugonjwa wa unyanjano umetuzunguka kwa miaka. Jani linageuka manjano likiwa bado changa, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizipasua ndani zina rangi ya kutu, na ukikata shina linatoa uji wa njano kama usaha. Mgomba ukishaupata hauponi. Na panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa mpaka kwenye mgomba unaofuata. Hayo si siri. Bwana shamba ameyasema, redio imeyasema, yamesemwa hata baada ya ibada. Kila mtu kijijini anajua kwamba panga lipitishwe motoni kabla ya kuingia kwenye kibanja cha mwingine. Baba alikuwa mkali kwa hilo. Jikoni kwetu palikuwa na chungu cha makaa, na hakuna panga la mgeni lililopita bila kuingia pale kwanza. Watu walimtania kwamba anachoma nyama ya chuma.

Lakini msiba ni kitu kingine. Nyumba ikifiwa, majirani wanakuja kila mmoja na panga lake. Wanaume wanaingia kwenye kibanja cha wafiwa bila kuomba, wanakata mikungu ya kulisha watu, wanakata majani ya kukalia na ya kufunikia chakula, wanafyeka mahali pa kaburi. Mfiwa hashiki kitu. Ni wema mkubwa, na nimeusahau uchungu mwingi kwa sababu ya wema huo. Lakini siku hiyo hakuna anayemwambia jirani apitishe panga motoni. Kumwambia hivyo ni kumwambia amekuja na kifo mkononi, mbele ya maiti. Kwa hiyo kila siku ya mwaka tunachoma mapanga, isipokuwa siku ile ambayo mapanga mengi kuliko siku zote yanaingia.

Na uani kwetu, siku hiyo, moto mkubwa wa matanga ulikuwa unawaka tangu asubuhi. Watu wameuzunguka, wanaota. Mapanga yameegemezwa kwenye kuni zake.

Nilikuwa naelekea mahali walipokuwa wanachimba kaburi nilipoliona shina lililokatwa muda mfupi uliopita, upande wa chini wa kibanja. Lilikuwa linatoa uji wa njano. Nikagusa. Unanata. Nikainua macho nikamwona jirani yetu mmoja, mtu mzuri, aliyewahi kunibeba nikiwa na homa, anaendelea kupanda na mstari wa migomba, anakata mkungu hapa, jani pale, panga lile lile.

Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Nikamfuata pembeni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Baba, kule chini kuna mgomba una unyanjano. Umekatwa na panga linaendelea. Tuwaombe watu wapitishe mapanga motoni. Moto si huu hapa?"

Akanitazama miguu kwanza, kisha uso. "Umefika jana. Leo unawakagua watu waliokuja kutuzikia?"

"Sikagui watu. Nasema panga."

"Panga lina mwenyewe."

"Yale aliyoyakata yataanguka yote, mpaka pale kwenye kaburi."

"Nyamaza." Alisema polepole, bila kuinua sauti, kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. "Nyumba ina maiti ndani, na wewe unatabiri kingine kife. Ulisoma wapi wewe? Hukumaliza hata la saba. Kaa na wenzako, utafune kahawa."

Nikaenda kwa jirani mwenyewe. Nilimwambia kwa heshima yote niliyokuwa nayo. Alishusha panga, akaniangalia kwa macho yaliyojaa machozi, akasema, "Mwanangu, nimekosa nini kwa baba yako?" Nyuma yangu baba mdogo akanishika bega akaniondoa kama anavyoondolewa mlevi. Jirani akafuta uso, akaendelea kukata.

Tukamzika baba kwenye mstari ule ule.

*

Hasira niliyokuwa nayo kwenye mazishi haikuwa ya kufiwa, na hilo liliniongezea hasira. Niliimba na wenzangu, nikatupa udongo wangu, na muda wote nilikuwa nahesabu kwa macho mikato mipya kwenye migomba.

Ningeweza kung'oa kesho yake. Nilitaka. Lakini mpaka matanga yaishe jembe haliingii kwenye kibanja cha mfiwa, na matanga yalipoisha baba mdogo alisema hakuna mgomba wenye mkungu utakaong'olewa kwa maneno ya mtu. Tusubiri tuone. Watu hulisema hilo kama hekima. "Tusubiri tuone." Kusubiri bila kusema unachokitegemea si kusubiri, ni kulala. Mwishoni kitatokea chochote, na wote watasema walijua.

Kwa hiyo nilifanya kitu pekee ambacho baba alinifundisha. Nilichana magome makavu ya mgomba nikasokota kamba. Nikapita kwenye kibanja chote. Kila mgomba uliokatwa na panga lile kuanzia kwenye shina gonjwa kwenda juu, niliufunga kamba kiunoni. Ule ulio kando ya kaburi, uliokwaruzwa na panga hilo karibu na mizizi, niliufunga pia. Mingine yote niliiacha. Kisha nikamwita mama, nikamwonyesha.

"Yenye kamba itaanguka," nilimwambia. "Isiyo na kamba itasimama."

Alishika tama. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu baba angeniuliza."

Akagusa kamba ya mgomba wa kaburini. "Huu una mkungu mzuri," akasema. "Huu hautaanguka."

"Uliona nini?"

"Nenda zako huko," akasema, lakini nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Sijawahi kukaa mahali pamoja kwa hiari. Miguu yangu ilikuwa inawasha. Kila asubuhi nilisikia gari la kwenda Omurushaka likipiga honi barabarani na kila asubuhi nilibaki. Nilipaka chokaa nyumba ya mama, nikaziba paa, nikapogoa mibuni, nikafanya kazi ambazo mtoto wa kiume aliyeko nyumbani angekuwa ameshazifanya. Na kila siku nilizunguka kibanja, nikisema kabla sijafika kila mgomba.

Wa kwanza uligeuka rangi karibu na shina lile gonjwa. Kisha wa pili, juu yake. Jani linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto, linalegea, linaning'inia. Panga lilivyopanda ndivyo ugonjwa ulivyopanda. Ningependa kusema niliona huruma tu. Ukweli ni kwamba siku ile niliposimama mbele ya mgomba wa tatu, nyuma ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinachosema: nilisema. Na nikamkasirikia huyo anayesema ndani yangu, kwa sababu ni chakula cha mama kilichokuwa kinaoza.

Nilidhani sasa watanisikiliza. Nilidhani mtu akisema kabla, na ikawa, watu watamwuliza aliona nini.

*

Hawakuniuliza niliona nini. Waliuliza nilifunga nini.

Nilisikia kwanza kwa mwanamke aliyekuja kuomba moto, jirani wa upande wa barabarani, mjane kama mama, mwenye mdomo usio na kizuizi. "Wewe mtoto," akaniambia, "unajua unaitwa nani sasa hivi huko kisimani? Mwenye kamba. Wanasema ulichofunga Murongo umekuja kukifungulia huku."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Cheka," akasema. "Wanakuja kesho, na mwenyekiti wa kitongoji. Vaa shati lenye vifungo."

Walikuja kweli, alasiri, wakakaa uani kwenye mabenchi ya msibani ambayo hayakuwa yamerudishwa. Mama alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kikazunguka, kila mtu akachukua punje zake. Nilijiuliza ni nchi gani nyingine ambayo watu wanakaribishwa kwa adabu namna hii wanapokuja kumwita mwanao mchawi.

Mwenyekiti alianza kwa upole. "Kijana, hakuna anayekushitaki. Tunataka kuelewa tu. Hii kamba ni ya nini?"

"Ni alama."

"Ya nini?"

"Ya migomba niliyofikiri itaanguka."

"Na imeanguka."

"Imeanguka."

"Yenye kamba."

"Yenye panga," nikasema. "Kamba ilifuata panga. Panga ndilo lililotangulia."

Baba mdogo akatema ganda la kahawa. "Mnasikia? Mtu anafunga mgomba mzima, wa kijani, wenye mkungu. Unakauka. Halafu anatuambia ni alama. Mimi nikifunga mbuzi wako kamba nikasema atakufa, akafa, utaniita fundi?"

"Ningekuuliza ulimwona ana nini."

"Unaona kiburi?" Aliwageukia wenzake. "Kaka yangu alikaa na hiki kibanja maisha yake yote bila unyanjano. Amekufa, mtoto amerudi kutoka huko kusikojulikana, kibanja kinakufa. Mnataka nifikiri nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokuwa nimejifanyia. Kama ningenyamaza kama wao, migomba ingeanguka vile vile na ningekuwa mfiwa mwenye bahati mbaya. Kwa sababu nilisema kabla, nilikuwa nimejiweka kwenye eneo la tukio. Kadiri nilivyopatia ndivyo nilivyozidi kuwa na hatia. Nilitazama nyuso zao, watu walionijua tangu nikiwa natambaa, na sikuona hata mmoja aliyekuwa mjinga. Wote walijua habari za panga. Jirani mwenye panga alikuwa amekaa mwisho wa benchi, ameinamia viatu vyake. Alijua. Ilikuwa rahisi tu kuwa na mchawi kuliko kuwa na jirani mwema aliyetuenezea ugonjwa kwa kutusaidia, na sisi wote tukimwangalia.

Nikasimama. "Njooni," nikasema, "niwaonyeshe nilipokosea."

Sijui kwa nini walifuata. Nadhani neno "nilipokosea" liliwavuta. Niliwapeleka kwanza kaburini. Mgomba ulikuwa umesimama na kamba yake kiunoni, kijani kitupu, mkungu umejaa. "Huu niliufunga," nikasema. "Nilisema utaanguka. Hebu utazameni." Kisha nikawapeleka upande wa barabarani, mahali ambapo hakuna panga la msibani lililofika. Mgomba mmoja hapo ulikuwa umenyauka vibaya. "Na huu sikuufunga. Nilisema utasimama."

Mwenyekiti akaukwaruza kwa ukucha. "Sasa huu umeupata wapi?"

"Sikujua. Umenisumbua siku nyingi. Halafu nikaangalia hapa." Nikawaonyesha ua dume lililokuwa bado linaning'inia chini ya mkungu, limesinyaa. Baba alikuwa anayavunja yote kwa kijiti chenye panda, mapema, kabla nyuki hawajayazoea. Ule ulikuwa umechanua wakati anaumwa. "Nafikiri ugonjwa uliletwa na wadudu. Nilikuwa nalitazama panga tu, nikasahau kwamba kuna mlango mwingine. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayeiua, huu ningeusahau? Na ule wa kaburini ungenishinda kwa nini?"

Ni yule mjane wa barabarani aliyejibu. Hakuwa amealikwa, alikuwa amesimama nyuma na mtungi wake.

"Mchawi gani huyu," akasema, "anaroga hapa, unakufa ule pale?"

Mtu mmoja akaguna.

"Ni mchawi wa darasa la sita," akaendelea. "Hakufika kwenye somo la kulenga."

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ubavu, na jirani mwenye panga naye akacheka, kwa sauti iliyojaa shukrani. Mambo yakaishia hapo. Nilikuwa nimeachiwa huru, na nilitamani kuwapiga. Nilikuwa nimewaeleza kitu kwa akili yangu yote, na kilichonitoa ni kichekesho kuhusu shule yangu. Lakini najua vilevile kwamba bila kosa langu, kichekesho kisingepata pa kusimama. Mtu ambaye hajawahi kuonekana amekosea hawezi kujitetea.

Walikuwa wameanza kuaga mama aliposema, "Shemeji, subiri."

Baba mdogo akageuka.

"Mume wangu alikuwa na kawaida yake. Unaijua, ni kaka yako. Kesho nang'oa yote yenye kamba, kwa hiyo hili nakuuliza leo. Nikiiacha, unafikiri itasimama au itaanguka? Sema."

"Mimi si nabii, shemeji."

"Sikuulizi unabii. Nakuuliza unafikiri nini."

Akatazama migomba. Akatazama watu. Niliona midomo yake inajaribu. Akasema, "Tusubiri tuone," akachukua fimbo yake akaondoka.

Mama akamtazama mpaka alipopotea. "Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu ujana," akasema. "Shimoni alikuwa anangoja wenzake waseme kwanza."

*

Tuling'oa kwa siku nyingi, mimi na mama na yule mjane. Shina zima na mizizi yake, tukiikatakata na kuifukia mbali na mizima. Kibanja kikabaki na pengo refu linaloanzia chini mpaka karibu na kaburi, njia ya panga imechorwa kwenye ardhi tupu. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo kuitazama. Mgomba wa kaburini pekee, kati ya yote yenye kamba, mama alikataa usiguswe. Nami sikubishana, kwa sababu ndio uliokuwa umeniokoa.

Halafu akafariki bibi mmoja upande wa pili wa bonde. Mama alienda mapema. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi karibu kabisa na moto wa matanga, nguo yake nyeusi imefunikwa majivu, na kila mwanaume aliyefika na panga alimwambia neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kama anayeomba chumvi: "Motoni." Hakueleza. Alikuwa mjane mpya, na kila mtu alikuwa ameiona ile njia kwenye kibanja chake. Wengine walisita. Hakuna aliyemwuliza amekosa nini.

Baba mdogo alifika na la kwake. Mama hakumwambia kitu. Baba mdogo mwenyewe akasimama pale akitafuta mifukoni, akatoa sigara, akachomeka panga kwenye makaa, akaliacha likae, kisha akainama na kuwashia sigara kwenye ncha yake iliyokuwa nyekundu. "Kiberiti kimelowa," akasema, hakuna aliyemwuliza. Akaingia kwenye kibanja.

Nilitaka kumfuata nimwambie aseme. Aseme tu kwa mdomo wake: nimechoma kwa sababu nafikiri kitu fulani. Nilikuwa na haki hiyo, na bado nafikiri ninayo. Mama akanivuta suruali. "Kaa," akasema. "Panga limeungua."

Sikuwa nimeridhika. Nilifungasha begi langu. Gari la asubuhi lingenichukua, na ningekuwa Omurushaka kabla jua halijawa kali. Nilipotoka ndani, mama alikuwa ananisubiri kwenye kona ya nyumba, akinizuia kwa mkono kama lango.

"Kabla hujaenda," akasema. "Mgomba wa baba yako. Sema kabla hujaona."

Nilikuwa sijaupitia tangu msiba wa bondeni. Nikafikiri kuhusu mkato ule ulio juu kidogo ya mizizi. "Umeanza kuanguka," nikasema. "Samahani, mama."

"Umesimama," akasema yeye. "Niliupita jana."

Tukazunguka nyumba. Ulikuwa umesimama, kijani, mkungu umejaa, na katikati ya kichwa chake jani moja changa lilikuwa limelegea, njano kwenye ukingo, kana kwamba limeshikwa na kitu cha moto. Mama alisimama chini yake kwa muda mrefu. Nikafikiri juu ya kikao, na jinsi lile kosa langu la kaburini lilivyokuwa si kosa, lilikuwa limechelewa tu kuwa kweli. Mtu akipita akaliona hili jani, kesho mabenchi yatarudi uani.

"Niliona nini mimi?" mama akajiuliza. Alisema kwa sauti ya baba, ile ile, isiyo na lawama. Akapapasa mkungu, kisha akaliangalia jani tena. "Niliutazama mkungu. Jani sikulitazama."

Barabarani gari likapiga honi. Mama alikuwa ameshapiga magoti kando ya kaburi, anafungua ile kamba.

"Weka hilo begi chini," akasema. "Lete jembe. Na ulipitishe motoni."